BASTOLA NA ALA YAKE

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: BASTOLA, ALA, KIFYATULIO. Wanafunzi, yanakilini katika madaftari yenu. Nitangoja kidogo.

Vema. Kisu kina ala, upanga una ala, na bastola nayo ina ala yake. Wengine huiita mfuko wa bastola, wengine mkoba. Sisi leo tutasema ala. Kifyatulio ni kile kipande kidogo kinachovutwa kwa kidole cha shahada ili risasi itoke.

Pengine mmoja wenu ananong'ona, "Mwalimu, sisi tumekuja kujifunza kusoma na kuandika na hesabu. Mambo ya bastola yatuhusu nini?" Nitamjibu kwa kisa nilichokiona kwa macho yangu.

Siku moja nilikuwa katika foleni ndani ya benki. Mbele yangu alisimama mama mwenye mtoto mgongoni. Askari mlinzi alikuwa akipita huku na huku akipanga watu. Kiunoni alivaa ala ya kitambaa, kuukuu, iliyolegea kama soksi iliyochakaa. Alipoinama kumwokotea mzee mmoja kalamu, bastola ikachomoka na kuanguka sakafuni karibu na miguu ya yule mama. Askari akairukia kama mtu anayekamata kuku. Haikulia. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana niliona kidole chake kilipopita: kiligusa kifyatulio.

Baadaye nilimwuliza kwa upole kama bastola yake ni nzima. Akanijibu, "Nzima sana, ndugu yangu. Hii ni ya Ulaya." Nikamwuliza, "Umeijaribu lini?" Akasema hajapata kuipiga hata mara moja tangu akabidhiwe.

Basi, katika madarasa yetu wamo walinzi. Wamo wafanyabiashara wenye leseni ya silaha. Wamo wazazi ambao watoto wao wameajiriwa ulinzi. Nasi sote tuliobaki husimama katika foleni. Kwa hiyo somo hili latuhusu.

SIFA MBILI ZA BASTOLA YA KUAMINIKA

Bastola ya kuaminika ina sifa mbili. Ya kwanza, hulia inapotakiwa kulia. Ya pili, hunyamaza isipotakiwa kulia. Watu wengi hufikiri juu ya sifa ya kwanza tu. Lakini mlinzi hubeba bastola yake kutwa, siku baada ya siku, na pengine atastaafu bila kuipiga hata mara moja kazini. Maana yake, muda wote huo kazi kubwa ya bastola ile ni kunyamaza. Tuzitazame sifa hizi moja moja.

SIFA YA KWANZA: KULIA INAPOTAKIWA

Bastola ni za namna mbili kubwa. Kuna rivolva, ambayo risasi zake hukaa katika kigurudumu chenye matundu, mara nyingi 5 au 6. Na kuna bastola ya magazini, ambayo risasi zake hupangwa katika kijisanduku kinachoingizwa ndani ya mpini.

Bastola ya magazini hufanya kazi hivi. Risasi inapolipuka, nguvu yake husukuma sehemu ya juu ya bastola irudi nyuma. Ikirudi, hulitupa nje ganda tupu. Kisha springi huisukuma mbele tena, nayo hukokota risasi mpya kutoka kwenye magazini na kuiingiza katika chemba, yaani mwanzo wa mtutu. Yote haya hutendeka kufumba na kufumbua.

Mnaona kwamba vitu vingi lazima vipatane. Springi ikichoka, sehemu ya juu hairudi mbele kwa nguvu. Midomo ya magazini ikipindika, risasi huingia upande. Uchafu ukijaa, au mafuta yakikauka, vyuma husuguana. Risasi ikiwa ya zamani iliyopata unyevu, huenda isilipuke. Hata mpigaji akiishika bastola kwa mkono mlegevu, yaweza kukwama. Ndiyo sababu hatuwezi kuijua bastola kwa kuitazama. Bastola inayong'aa yaweza kukwama, na iliyochubuka rangi yaweza kupiga vizuri. Wala neno "ya Ulaya" si ushahidi.

Basi ushahidi ni nini? Ushahidi ni jaribio lililoandikwa. Nitawapa mfano mkubwa kutoka Marekani.

Mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi la Marekani lilitaka bastola mpya. Watengenezaji waliobaki mwishoni mwa mashindano walikuwa wawili: kampuni ya Colt, iliyoleta bastola iliyobuniwa na John Browning, na kampuni ya Savage. Jeshi halikuuliza bastola ipi ni nzuri kwa macho. Mwezi wa Machi 1911 kila bastola ilipigwa risasi 6,000. Zilipigwa risasi 100 kwa mfululizo, kisha bastola ikaachwa ipoe kwa dakika 5. Kila baada ya risasi 1,000 ilisafishwa na kutiwa mafuta. Matokeo yaliandikwa. Bastola ya Browning haikukwama hata mara moja. Ya Savage ilipata hitilafu mara 37.

Wanafunzi wa hesabu, gawanyeni 6,000 kwa 37. Mtapata kama 162. Yaani bastola ya pili ilipata hitilafu karibu mara moja katika kila risasi 162. Mtu angeipiga risasi 50 angeweza kurudi nyumbani akiisifu. Ni kule kupiga nyingi na kuandika kulikoonyesha tofauti. Tarehe 29 Machi 1911 jeshi liliikubali bastola ya Browning, nayo ikawa bastola yake rasmi kwa zaidi ya miaka 70, mpaka mwaka 1985.

DAFTARI LA BASTOLA

Sasa sikilizeni hesabu nyingine. Tuseme kuna bastola mbovu, inayokwama kwa wastani mara moja katika risasi 50. Ukichukua bastola 100 za namna hiyo na kupiga kila moja risasi 10 tu, karibu 82 kati yao zitapita bila kukwama, na wenyewe watasema ni nzima. Lakini kila moja ikipigwa risasi 200, karibu 2 tu ndizo zitakazopita. Mnaona? Jaribio dogo huficha ubovu, jaribio kubwa huufichua. Kwa sababu hiyo walimu wengi wa silaha husema bastola ya kubebwa ipigwe kwanza risasi kama 200 bila kukwama, na baadhi yake ziwe za aina ile ile itakayobebwa kazini.

Jaribio hili hufanywa katika uwanja wa shabaha uliokubaliwa na serikali, mbele ya mwalimu wa silaha. Si shambani, wala si nyuma ya duka.

Na hapa ndipo elimu yenu ya kusoma na kuandika inapofanya kazi. Chukua daftari dogo. Piga mistari, ufanye safu sita. Juu yake andika: Tarehe. Namba ya magazini. Aina ya risasi. Zilizopigwa. Zilizokwama. Sababu. Magazini nazo zitiwe namba kwa rangi, 1, 2, 3. Baada ya kila zoezi jaza mstari mmoja. Miezi michache ikipita, daftari litasema lenyewe. Pengine utaona kwamba kila bastola ilipokwama, ilikuwa na magazini namba 2. Basi bastola ni nzima. Magazini namba 2 ndiyo mbovu, na iondolewe. Bila daftari ungelaumu bastola, au ungelaumu bahati yako.

Mlinzi aliyekabidhiwa silaha ana haki ya kumwomba mwajiri wake nafasi ya kuijaribu. Mwajiri akisema risasi ni ghali, ajiulize pia thamani ya mtu atakayesimama nyuma ya silaha isiyojulikana, na ya mtu atakayesimama mbele yake.

SIFA YA PILI: KUNYAMAZA ISIPOTAKIWA

Bastola iliyo nzima hailii ovyo. Mara nyingi hulia kwa sababu kitu fulani kimekivuta kifyatulio. Kitu hicho chaweza kuwa kidole, nguo, ufunguo, au kamba ya koti. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ala ni kukilinda kifyatulio. Kuibeba bastola ni kazi ya pili.

Nitawapa mifano miwili, nayo pia ni ya Marekani. Huko, katika majimbo mengi, raia huruhusiwa kubeba bastola, na ajali zake huandikwa na polisi na mahakama, hata nasi tukaweza kujifunza.

Mfano wa kwanza. Mapema mwaka 2008 Plaxico Burress, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa timu ya New York Giants, aliipatia timu yake ushindi katika fainali kubwa ya nchi yao. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule aliingia katika klabu ya usiku mjini New York. Bastola yake, aina ya Glock, aliichomeka kiunoni mwa suruali laini ya michezo, bila ala yoyote. Bastola ikateleza ndani ya suruali. Alipoishika ili isianguke, ikalia, na risasi ikampiga pajani. Tena hakuwa na leseni ya kubeba silaha katika mji ule. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka 2. Bastola ya Glock haina kizuizi cha kusukumwa kwa kidole gumba kama bastola nyingine; kizuizi chake cha nje kimo ndani ya kifyatulio chenyewe. Mtu asiyefunika kifyatulio cha bastola kama hiyo amebeba hatari tupu.

Mfano wa pili. Juni 2018, katika klabu moja ya mji wa Denver, afisa mmoja wa upelelezi wa serikali ya Marekani, aliyekuwa mapumzikoni, alikuwa akicheza dansi. Akapinduka sarakasi. Bastola ikatoka katika ala yake ya kiunoni ikaanguka sakafuni. Mpaka hapo haijalia. Alipoiokota kwa haraka, ndipo ikalia, na risasi ikampiga mtu mwingine mguuni. Mtu huyu alikuwa na mafunzo, na ala alikuwa nayo. Lakini ala ile haikushika, na mkono wake ulifanya haraka. Mnakumbuka yule askari wa benki? Ni kisa kile kile, ila Denver bahati haikuwako.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii: bastola ikianguka, usiidake. Iache ifike chini, itulie. Kisha iokote kwa mpini, kidole kikiwa kimenyooka nje ya kifyatulio, na mdomo wa mtutu ukielekea mahali pasipo na mtu.

Mtaniuliza, "Je, bastola yaweza kulia kwa kuanguka tu?" Bastola nyingi za siku hizi zina vizuizi vya ndani vya kuzuia jambo hilo. Lakini vizuizi navyo lazima vijaribiwe. Agosti 2017 kampuni ya Sig Sauer ilitangaza kwamba itabadili bure sehemu za ndani za bastola zake za P320 zilizokuwa tayari mikononi mwa watu, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikiangushwa kwa pembe fulani zaweza kulia. Mapema mwaka huo huo jeshi la Marekani lilikuwa limechagua bastola iliyotokana na aina hiyo. Basi hata jina kubwa halitoshi. Mwenye bastola aulize muuzaji au fundi mwenye kibali kama aina yake imepata tangazo la kurekebishwa, na jibu aliandike katika daftari.

JINSI YA KUCHAGUA ALA

Kabla ya kujaribu ala, hakikisha bastola ni tupu. Fuata utaratibu huu bila kuupindua. Kwanza, toa magazini. Pili, vuta sehemu ya juu nyuma, risasi iliyomo katika chemba itoke. Tatu, tazama chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Ukianza na chemba kabla ya kutoa magazini, risasi nyingine itaingia, nawe utadhani bastola ni tupu kumbe imejaa. Risasi zote zipelekwe chumba kingine. Kisha pima ala kwa mambo haya matano.

Jambo la kwanza: ifunike kifyatulio chote, tena kwa kitu kigumu. Bastola ikiwa ndani, bonyeza ala kwa nje mahali kilipo kifyatulio. Ukihisi kifyatulio chasogea, ala hiyo haifai.

Jambo la pili: iishike bastola. Weka bastola tupu ndani, igeuze ala juu chini juu ya godoro, uitikise. Bastola ikianguka godoroni, afadhali imeanguka hapo kuliko benki.

Jambo la tatu: mdomo wa ala ubaki wazi bastola inapotoka. Ala ya ngozi iliyolainika hukunja mdomo wake kwa ndani. Ukiirudisha bastola, ule mkunjo waweza kuingia penye kifyatulio na kukisukuma. Kwa hiyo rudisha bastola polepole, huku ukitazama. Hakuna aliyepata tuzo kwa kurudisha bastola upesi.

Jambo la nne: ala isitoke mahali pake. Ukivuta bastola, itoke bastola peke yake, ala ibaki katika mshipi. Mshipi nao uwe mgumu na mpana wa kutosha kuchukua uzito.

Jambo la tano: iwe imetengenezwa kwa aina ile ya bastola. Ala inayosemwa kwamba yafaa kwa bastola zote, mara nyingi haishiki hata moja sawasawa.

Sasa juu ya vifaa. Ngozi nene ni nzuri, haina makelele, nayo hukaa vizuri mwilini. Lakini hunywa jasho na unyevu. Sisi tukaao pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, twajua jinsi hewa ya chumvi inavyokula chuma. Bastola isilazwe katika ala ya ngozi usiku kucha. Itoe, ipanguse, ipake mafuta kidogo. Plastiki ngumu, kama ile iitwayo Kydex, hainywi jasho, na mdomo wake haukunjiki. Ila yaweza kuchubua rangi ya bastola, na joto kali la ndani ya gari lililofungwa juani laweza kuipinda. Kitambaa chepesi ni rahisi kwa bei, na mara nyingi hushindwa katika jambo la kwanza na la tatu.

Mlinzi anayevaa bastola mahali pa wazi anahitaji zaidi ala yenye kufuli au ukanda wa kufunga, maana mwizi aweza kumpokonya kwa nyuma. Lakini angalia kufuli lenyewe. Ziko ala zinazofunguliwa kwa kubonyeza kitufe kwa kidole cha shahada. Vyuo kadhaa vya mafunzo huko Marekani vimezikataa, kwa sababu bastola inapochomoka, kidole kile kinachobonyeza huelekea moja kwa moja kwenye kifyatulio. Afadhali kufuli la kidole gumba.

SHERIA NA NYUMBANI

Somo hili si ruhusa ya kubeba silaha. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Katika nchi zote mbili raia hana ruhusa ya kuwa na bastola bila kibali cha serikali. Msomi mmoja darasani aweza kuwasaidia wenzake kuyasoma masharti ya kibali chao neno kwa neno.

Na nyumbani, ndugu zangu, ala si sanduku. Mtoto hujua kuchomoa bastola katika ala kama ajuavyo kuchomoa kisu cha jikoni. Ukifika nyumbani na silaha, itoe risasi kwa utaratibu tuliousema, kisha uifungie ndani ya kabati la chuma, na ufunguo ukae nawe. Usiseme, "Mwanangu ni mdogo, hajui." Siku atakayojua hatakupa habari kwanza.

Turudie kwa ufupi. Bastola ya kuaminika hulia inapotakiwa, na hunyamaza isipotakiwa. La kwanza tunalijua kwa kujaribu, kuhesabu na kuandika. La pili tunalipata kwa ala nzuri, mkono usio na haraka, na kidole kilichonyooka. Sijui yule askari wa benki yuko wapi leo. Kama yumo katika darasa mojawapo linalonisikiliza, namwomba kesho asubuhi aende kwa mkubwa wake akaombe ala mpya na siku ya mazoezi.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Taja sifa mbili za bastola ya kuaminika. Ipi hutumika zaidi katika siku za mlinzi?

2. Bastola ilipigwa risasi 450 ikakwama mara 3. Ni wastani wa mara moja katika risasi ngapi? Je, ungeibeba?

3. Kwa nini magazini hutolewa kabla ya kufungua chemba?

4. Piga mistari ya daftari la bastola lenye safu sita, kisha ujaze mistari mitatu ya mfano.

5. Mlinzi wa duka lililo karibu nanyi ana ala mbovu. Mngemwambiaje yeye na mwajiri wake bila kuwavunjia heshima? Andikeni barua fupi.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutajifunza kusoma maandishi yaliyo juu ya chupa za dawa. Kwaherini.